PICHA ING'AE, LAKINI ISITUCHUBUE

Naomba mniazime macho yenu kwa muda mfupi, maana nina dukuduku ambalo nikilimeza litanikwama kooni.

Dukuduku lenyewe ni la picha. Sizungumzii picha za milima wala za ngamia. Nazungumzia picha za watu, zile za uso na mabega tunazopigwa tunapoaga shule, tunapotuzwa, na zile tunazowatumia jamaa zetu walio mbali. Kila mtu hutaka picha inayong'aa, na mimi nimo. Ugomvi wangu si na mng'ao. Ugomvi wangu ni na njia inayotumiwa siku hizi kuupata, yaani kumchubua mtu uso ndani ya kompyuta kisha kumwambia, "Haya, umetokea vizuri!"

Hapa shuleni tumeyaona. Picha za darasa moja zilirudi kutoka studio fulani, na wanafunzi wote walikuwa na rangi moja kama maandazi ya karai moja. Aliye maji ya kunde alirudi mweupe kama chaki, na aliye mweusi tititi akarudi maji ya kunde. Kovu la mmoja lilitoweka, na mashavu ya mwingine yakawa laini kama ya mtoto wa wiki mbili. Mwenzetu mmoja alimtumia shangazi yake aliye ng'ambo nakala, naye shangazi akauliza, "Huyu ni rafiki yako? Na wewe uko wapi?" Tulicheka tukashika mbavu. Lakini hebu tufikiri, hapo pana kichekesho gani? Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka wa 1992, na tangu hapo familia nyingi zimetawanyika hadi Marekani, Kanada na Australia. Wapo wenzetu ambao hawajaonana na shangazi au nyanya zao kwa miaka na mikaka. Kwa nyanya aliye huko, picha ndiyo mjukuu. Ukimpelekea uso usio wako, umempelekea mgeni.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: mng'ao wa picha ya mtu hutoka kwenye mwanga na kwenye mkono wa mpiga picha kabla kitufe hakijabonyezwa. Uhariri kazi yake ni kumalizia, kama chumvi kwenye mchuzi. Ukigeuzwa kuwa dawa ya kubadilisha rangi ya mtu, huo ni mkorogo tu, tofauti ni kwamba unapakwa kwenye simu badala ya kwenye shavu.

Tazameni hata maneno yetu yanavyotuponza. Zamani za filamu, wazee wetu walisema wanapeleka picha "kusafishwa", na maana yake ilikuwa kuitia filamu kwenye dawa hadi sura iliyofichika ionekane. Siku hizi mtu akikwambia "nitakusafishia picha", ana maana ya kuondoa weusi, utadhani weusi ni tope. Neno ni lile lile lakini kazi imepinduka: la kwanza lilifichua uso, la pili linauficha.

Wapo watakaosema kwamba ngozi nyeusi haipigiki vizuri, eti kamera haiipendi. Jamani! Kamera haina mapenzi wala chuki, ila waliozitengeneza filamu walikuwa na macho yao. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke mweupe. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa Kodak aliyeitwa Shirley, na kadi zote zilizofuata zikabeba jina hilo. Fundi alirekebisha mashine mpaka rangi ya Shirley ikae sawa, halafu picha za watu wengine wote zikafuata vipimo vya Shirley. Mtu mweusi akipigwa pamoja na mweupe, aghalabu kilichobaki usoni mwake ni macho na meno. Na kinachochoma moyo ni kwamba miongoni mwa waliosababisha filamu iboreshwe ni watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti, waliolalamika kwamba rangi za mbao zao na za chokoleti zao hazitofautiani pichani! Kadi yenye wanawake watatu, mweupe, mweusi na wa asili ya Asia, ilitolewa na Kodak miaka ya 1990. Na mwaka wa 2021 kampuni ya Google ilipotoa simu ya Pixel 6, ilitangaza kwamba kamera yake imerekebishwa ili ionyeshe rangi za ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi. Basi kasoro ilikuwa ya chombo na ya vipimo. Haikuwa ya ngozi. Chombo kikiwa na kasoro, fundi hujifunza kukitumia. Hamchubui mteja.

Sasa tuingie kazini. Sisi wa Turkana Mola ametujalia jua la kutosha kuwagawia majirani. Lodwar iko karibu na ikweta, takriban nyuzi 3 kaskazini, kwa hivyo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi mwaka mzima. Jua hilo likimpiga mtu, paji la uso na pua hung'aa kupita kiasi, macho huwa mashimo mawili meusi, na kidevu hutupa kivuli kizito shingoni. Mpiga picha akiona hivyo hukimbilia kompyuta kuuangaza uso mzima. Mkorogo huanzia hapo. Kumbe dawa ilikuwa hatua tano kando, uvulini.

Kiswahili chetu kimetenganisha kivuli na uvuli, na kila mpiga picha angefaa kuizingatia tofauti hiyo. Kivuli ni kile cheusi kinachotupwa na kitu, mathalan cha pua kuangukia mdomo. Uvuli ni mahali pa kujikinga jua. Ukitaka kuondoa kivuli usoni, mpeleke mtu uvulini. Msimamishe ukingoni mwa veranda ya darasa, au mlangoni mwa nyumba ya mabati, uso wake ukielekea nje penye mwanga. Hapo mbingu na mchanga wa nje huwa taa moja kubwa, pana na pole. Mtazame machoni: utaona nukta ndogo ya mwanga katika kila jicho. Nukta hiyo ndiyo inayofanya picha ionekane hai. Isipokuwepo, mgeuze mtu kidogo kidogo mpaka itokee.

Tahadhari moja: uvuli wa mathenge au wa mgunga hudanganya. Majani yake ni madogo, mwanga hupenya vipande vipande, na mtu hutoka na madoadoa kama chui. Uvuli wa mwarobaini uliosongamana, au wa ukuta, ni bora zaidi. Ikiwa ni lazima kupiga picha nje kabisa, basi tumia saa za mwanga wa upande, yaani asubuhi kati ya saa 12:45 na saa 2:30, au jioni kuanzia saa 11:00 mpaka jua linapokaribia kuzama. Mwanga wa upande ni rafiki mkubwa wa ngozi nyeusi, kwa sababu ngozi yetu huonyesha umbo lake kwa jinsi inavyong'aa kwenye shavu, kwenye mfupa wa pua na kwenye bega. Mafuta kidogo usoni husaidia mng'ao huo. Yakizidi, utapiga picha ya kikaango.

Tena tusisahau kwamba hapa kwetu ardhi yenyewe ni kioo. Mchanga mweupe wa laga ya Tarach pale Kakuma, au wa kingo za Mto Turkwel hapa Lodwar, hurudisha mwanga juu na kuujaza chini ya kidevu na ndani ya macho. Studio kubwa za mjini hununua vifaa vya kufanya kazi hiyo. Sisi tunavikanyaga! Pasipo mchanga, mwenzako ashike shuka jeupe au karatasi ya manila chini ya kifua cha anayepigwa, nje ya picha, na tofauti utaiona papo hapo.

Msidhani hizi ni ndoto zangu. Kule Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka wa 1948, na picha zake nyingi alizipiga uani, kwa mwanga wa mchana, mbele ya kitambaa kilichotundikwa. Filamu yake ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, wala hakukuwa na kompyuta. Leo picha hizo zimetundikwa katika majumba ya makumbusho duniani, na watu waliomo ni weusi, wanang'aa, na kila mmoja ana sura yake.

Baada ya mwanga, tuje kwenye kamera. Iwe ya chama au ya simu, kamera hukisia. Inadhani kila kilicho mbele yake, kikijumlishwa, kina wekundu na weusi na weupe wa wastani, sawa na rangi ya kijivu inayorudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga. Dhana hiyo ndiyo inayotuumiza kwa njia mbili. Ukimpiga mwenzako mbele ya anga au ukuta mweupe, kamera huona mwanga mwingi, huupunguza, na uso hugeuka kuwa mkaa. Hapo gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, kisha ongeza mwanga kidogo. Lakini ukimsogelea mtu mweusi sana hadi uso wake ukajaa picha, kamera huona giza, huongeza mwanga kupita kiasi, na uso hutoka na rangi ya majivu. Hapo fanya kinyume: punguza mwanga. Wengi hawalijui hili la pili. Wakiona majivu husema picha "imeng'aa". Haijang'aa, imepauka, na kupauka na kung'aa ni vitu viwili tofauti. Uso unaong'aa una sehemu zenye mwanga na sehemu zenye giza. Uliopauka hauna hata moja.

Yaliyobaki nitayapitia mbio mbio. Futa lenzi kwa pamba safi kila mara, maana vumbi la Lodwar halina likizo, na lenzi yenye vumbi hutoa picha yenye ukungu. Rudi nyuma kama mita 2. Ukimkaribia mtu sana kwa simu, pua hukua na masikio hukimbia. Zima taa ya kamera, kwa sababu humulika paji la uso na kuifanya sura yote kuwa bapa. Usimweke mwenye nywele nyeusi mbele ya pazia jeusi, kichwa kitapotelea humo. Ukuta wa udongo, mlango wa buluu, au kanga iliyotundikwa hufaa zaidi. Na muhimu kuliko yote, zungumza naye. Mtu aliyeambiwa "tulia hivyo hivyo!" hutoka kama anayesubiri kuchomwa sindano.

Sasa uhariri, maana sitaki mseme naupinga. Naukubali kabisa. Programu kama Snapseed hupatikana bila malipo, na hatua chache zatosha. Kwanza, rekebisha rangi ya mwanga: picha ya uvulini huwa na ubuluu, kwa hivyo iongezee ujoto kidogo mpaka shati jeupe la sare lionekane jeupe. Pili, inua sehemu zenye kivuli kidogo ili macho yaonekane, lakini acha weusi wa nywele ubaki mweusi, la sivyo picha itapauka. Tatu, koleza rangi, na hapa pana mtego. Sacharesheni hukoleza rangi zote kwa mkupuo, na ngozi ya kahawia ikikolezwa hivyo hugeuka chungwa. Vaibransi huanza na rangi zilizofifia na kuisaza ngozi kwa kiasi. Shanga za mama wa Kiturkana, nyekundu, manjano na buluu, zitachangamka bila yeye kugeuka karoti. Mwisho, vile vitufe vya kulainisha na kuchubua uso, ambavyo simu nyingi huja navyo vikiwa vimeshawashwa, vizimeni kabla ya kupiga.

Na kipimo cha yote ni kipi? Si kioo cha simu. Kipimo ni mtu mwenyewe. Shika picha kando ya uso wake kwenye mwanga mzuri. Zikilingana, acha. Zisipolingana, wewe ndiwe uliyekosea, si yeye.

Nisije nikaonekana nawaonea wanaochubua peke yao, lipo na kosa la upande wa pili. Wapo wapiga picha wanaotoka mbali kuja kutupiga sisi wa kaskazini, iwe wakati wa tamasha la Tobong'u Lore hapa Lodwar au kambini, ambao huzidisha weusi na kukoleza rangi mpaka mtu aonekane kinyago kilichopakwa lami. Jambo hili limewahi kuzua mjadala mkubwa duniani. Mnamo Februari 2022, jarida la Vogue la Uingereza lilitoka na jalada la wanamitindo tisa wa Kiafrika, na wengi walilalamika kwamba ngozi zao zimefanywa nyeusi kupita uhalisia. Wengine waliitetea picha hiyo, wakisema ni sanaa na ni sifa kwa weusi. Mmoja wa wale tisa alikuwa Adut Akech, aliyelelewa Kakuma utotoni kabla ya familia yake kuhamia Australia, na ambaye mwaka wa 2019 alituzwa Mwanamitindo Bora wa Mwaka na Baraza la Mitindo la Uingereza.

Huyo huyo Adut, mwaka wa 2018, jarida moja la Australia lilichapisha mahojiano yake na kuweka picha ya mwanamitindo mwingine mweusi mahali pa picha yake. Mnaona? Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, alikuwa kwenye jalada la Vogue pamoja na Halima Aden, aliyezaliwa Kakuma mwaka wa 1997. Yaani nyuso mbili zilizopita kwenye vumbi hili letu zilikuwa kwenye jalada moja, na bado kuna mhariri aliyeshindwa kumtambua mmoja. Ukimchubua mtu, au ukamzidishia weusi, matokeo ni yale yale: anaacha kuwa fulani bin fulani na kuwa "mmoja wao".

Najua majibu yanayonisubiri. La kwanza ni kwamba mteja ni mfalme, akitaka kung'arishwa ang'arishwe. Nakubali, mtu mzima akiomba mwenyewe, huo ni uso wake. Lakini wengi wetu hatuulizwi. Tunaletewa picha zilizokwisha kuchubuliwa, tunalipa na kunyamaza. La pili ni kwamba hata poda ni uwongo. Hapana, poda naipaka mwenyewe nikijitazama kwenye kioo, na nikinawa natoka. La tatu lina uzito: gazeti letu huchapwa kwa nyeusi na nyeupe, na karatasi hunywa wino, hivyo uso mweusi usioangazwa hutoka kama doa. Ni kweli. Basi uangazwe, lakini uangazwe kwa ajili ya karatasi ili ukichapwa ulingane na mwenyewe. Tuchape nakala moja ya majaribio kabla ya zote. Huo si mkorogo, huo ni ufundi.

Kwa hivyo naiomba bodi ya gazeti letu pamoja na walimu walezi mambo matatu. Mosi, picha za wanaoaga shule zipigwe asubuhi katika veranda ya mashariki kabla jua halijapanda, au uvulini, na wanachama wafundishwe kuzipiga ili tusitegemee studio pekee. Pili, tunapokwenda studio, tuseme mapema kwamba hatutaki kulainishwa wala kuchubuliwa, na tuone picha kabla ya kulipa. Tatu, picha yoyote isiingie gazetini kabla mwenyewe hajaiona na kusema, "Naam, huyu ni mimi." Hayo hayatugharimu chochote ila subira.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Na kwao mtu huanzia usoni mwake. Kamera tunayo, jua tunalo, mchanga tunao. Kilichobaki ni kumtoa mwenzetu kwenye jua la saa sita na kumsogeza uvulini. Anayepinga hoja zangu na ashike kalamu, ukurasa uko wazi katika toleo lijalo.